Mashine Iliyomngoja wa Nne

Kwetu Butembo mtoto hazaliwi bila namba. Ukizaa msichana wa kwanza, jina lake limekwisha kuwepo linamngoja. Wa pili lake lipo, wa tatu lake lipo, na kadhalika mpaka tumbo lichoke. Padri ataongeza jina la mtakatifu, na shule italiandika hilo la mtakatifu mbele, lakini uani linaitwa lile la kuzaliwa. Mimi nina jina la msichana wa tano. Mtu wa kwetu akilisikia hana haja ya kuniuliza kama nina dada. Anajua wanne walinitangulia, na mara nyingi ataniuliza habari zao kabla ya zangu. Utotoni jambo hili lilinikera sana. Nilitaka kuwa mtu, nikajikuta mkia wa foleni.

Namba hiyo hairudiwi. Mtoto akifa anaondoka na jina lake, na anayezaliwa baadaye anapewa la mbele. Ila hesabu inakwenda kwa mama, si kwa baba. Babu yetu mzaa mama, kule Lubero, alikuwa na wake wawili kabla hajabatizwa, kwa hiyo mama yangu alikua na dada wa baba mmoja mwenye jina lile lile la kwake, kwa sababu wote wawili walikuwa wasichana wa tatu, kila mmoja kwa mama yake. Mtu akiliita jina hilo uani, walikuja wawili, na kama kilichoitiwa ni kuchota maji walirudi wawili pia, kila mmoja akisema si yeye. Mama alitusimulia kisa hiki kila alipotaka kucheka. Tulikuwa tumekisikia mara nyingi, na tulicheka hata hivyo.

Mama alikuwa na desturi yake ya Jumapili. Tukitoka misa, akishageuza bugali na kuiweka mezani pamoja na maharagi na samaki, hasemi karibuni. Anasimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, anatuhesabu. Dada zangu wakubwa walipoolewa na kutawanyika hakuacha kuwahesabu. Alibadilisha maneno tu, na sisi wa nyumbani akatuambia kuya, njoo:

“Wa kwanza iko Beni. Wa pili iko Lubero. Wa tatu iko Kasindi. Wa ine, kuya. Wa tano, kuya, bugali inapoa!”

Tuliobaki nyumbani tulikuwa wa nne na mimi. Baba alikuwa amefariki nikiwa darasa la tatu. Wa nne alifanya biashara ya samaki. Alishuka Kyavinyonge, ziwani, akanunua tilapia kwa wavuvi, akapanda nao Butembo kwenye lori, na Ijumaa ilipofika sokoni alikuwa amekwisha kuwamaliza. Alikuwa mtu wa mikono. Redio ikikohoa, aliifungua kwa kisu cha jikoni. Betri ya paneli yetu ya umeme wa jua ikikataa, aliisema kwa ukali kwanza, kisha akaitengeneza, huku akivuma wimbo kwa midomo iliyofungwa. Sijui ulikuwa wimbo gani. Nilimwuliza mara moja, akasema hata yeye hajui.

Ni yeye aliyetuletea ile filme. Alirudi sokoni siku moja na CD iliyofungwa kwa karatasi ya plastiki, jalada lake limechanika mahali palipokuwa na jina, na pamebaki picha ya mlango wa chuma na nyota nyuma yake. Muuzaji alimwambia ni mfululizo, una vipande vingi, na hii ni CD ya pili. Ya kwanza ataitafuta. Wa nne alisema haidhuru, tutaelewa tu. Kila mara aliamini kwamba kitu kikiwa mbele yako utakielewa.

Tuliitazama Jumapili baada ya kula, na Jumapili nyingi baadaye, mchana, jua likiwa kali na betri imeshiba. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, kwa kuwa Kifaransa cha mama kilikomea bonjour na merci. Mkalimani ni mtu mwenye kiburi. Naweza kusema hivyo sasa. Nilikaa mbele, karibu na kioo cha televizyo, na nilitia chumvi kila mara mambo yalipokuwa baridi.

Picha ya kwanza ilikuwa ukanda mrefu ndani ya chombo kinachosafiri angani. Wanawake sita wamesimama kwa mstari, kila mmoja mbele ya mlango wake, wakitazama mbele. Sauti ikatoka ukutani, sauti ya mashine, taratibu, haina haraka na mtu. Un, moja, ilisema. Mwanamke wa kwanza akajibu, présente, nipo. Deux. Présente. Trois. Mpaka wa sita.

Mama alikuwa anasugua sufuria mlangoni. Akaiacha.

“Bale ni batoto ya mama moja,” alisema.

Hatukuona la kubisha. Watu sita wanaitwa wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, wanaitikia kwa zamu, hakuna jina lingine linalotajwa kati yao hata wanapogombana: ni nini kama si tumbo moja? Nyuso zao hazikufanana hata kidogo. Mmoja alikuwa mweusi kama sisi, mmoja alikuwa na macho ya Kichina, mmoja nywele zake zilikuwa nyekundu. Mama alisema watoto wengine wanafuata damu ya bibi. Tukaipa filme jina la Dada Sita, na kuanzia siku hiyo swali letu kubwa halikuwa kama watafika kwenye ile nyota waliyokuwa wanaiendea na ghala lao la mbegu. Swali lilikuwa mama yao yuko wapi, na lini ataonekana.

“Labda anabangoja kule banakwenda,” wa nne alisema.

“Mama hapana kutangulia batoto,” mama alijibu. “Alibaki. Anabahesabu kila siku.”

Kila mmoja wetu alikuwa na wake. Dada wa kwanza alipokuja kutusalimu kutoka Beni alimchukua wa Kwanza, nahodha, ambaye hali mpaka wenzake wameshiba na anayesema kwa sauti ndogo anapokasirika sana. Hata mimi nilikiri kwamba walifanana, hasa kwenye kuamrisha. Mama alimpenda wa Tatu, mtunza bustani. Ndani ya kile chombo, katikati ya giza ambalo halina juu wala chini, mwanamke huyo alikuwa na shamba refu kama kanisa, chini ya taa, na ndani yake maharagi. Maharagi kama yetu. Mbegu ya kwanza ilipopasua udongo, waliionyesha kwa karibu, ikiinua kichwa polepole, na nyuma ya kioo nyota zinapita. Mama aliweka mkono kifuani. Alilima maharagi maisha yake yote wala hakuwahi kuyatazama yakifanya hivyo, maana yanafanya ukiwa umelala. “Wasingya,” akamwambia yule mwanamke, asante kwa Kinande, kama mtu anayepokea kitu mkononi. Kisha akasema lakini ameyapanda kubana mno, hayatazaa vizuri.

Wa nne wetu alimpenda wa Nne, bila shaka. Wa Nne wa kule alikuwa fundi. Alitambaa ndani ya mabomba ya chombo akiwa na taa mdomoni, akizigombeza nyaya, na alipofanya kazi alivuma. Mara ya kwanza tuliposikia ule mvumo tulimgeukia dada yangu, sote wawili, mama na mimi. Yeye alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Nadhani aliona haya, jinsi mtu anavyoona haya akionyeshwa picha ambayo hakujua alipigwa.

Mimi nilimpenda yule ambaye hakuwa na namba. Niliipenda mashine. Walinicheka kwa hilo. Walisema haina uso, haina mikono, inapenda nini na inachukia nini? Sikuweza kuwajibu mpaka tulipofika mwisho wa CD ile.

Mwishoni wa Nne anatoka nje ya chombo kutengeneza kitu kilichovunjika. Amefungwa kamba nyeupe. Anafanya kazi, anavuma, tunamsikia ndani ya kofia yake. Na nyuma yake pana kile kitu ambacho sikuwahi kukiona wala kukifikiria, mbingu isiyo na ardhi chini yake, nyota juu, nyota ubavuni, nyota chini ya miguu. Sikumbuki nilikuwa natafsiri nini. Hakuna aliyenidai neno. Kisha kitu kidogo sana, jiwe, pengine dogo kuliko punje ya mahindi, kikapita, na kamba ikakatika. Hakupiga kelele. Alikwenda tu, taratibu, akizidi kuwa mdogo, mvumo ukaendelea kidogo kisha ukaisha.

Asubuhi iliyofuata wakasimama ukandani, watano. Mashine ikaita. Un, présente. Deux, présente. Trois, présente. Quatre.

Ikangoja.

Ilingoja kwa pumzi tatu nzima, baadaye nilizihesabu. Hakuna aliyesogea. Kisha ikasema cinq, kwa sauti ile ile. Na kesho yake tena, na kesho kutwa, kila asubuhi iliita quatre na kungoja pumzi tatu mbele ya mlango mtupu. Nahodha aliiomba iache. Ikajibu kwamba haijapokea habari yoyote ya kwamba wa Nne hayupo, inajua tu kwamba hajajibu. Nilipowatafsiria maneno hayo nywele zilinisimama. CD ikaishia hapo.

Nilikuwa nalia. Wa nne alinipiga bega.

“Unalia nini, weye? Atarudia. Fundi hapana kupotea ku kazi yake.”

Miezi michache baada ya hapo alishuka Kyavinyonge kama kawaida. Wiki ile samaki walikuwa haba, wanunuzi wakawa wengi kuliko mitumbwi, na yeye na wenzake wakapanda mtumbwi wa injini kwenda kijiji kingine cha wavuvi, ng'ambo kidogo, ambako walisikia samaki wapo. Upepo uliwakuta katikati. Wengine waliokolewa wakiwa wameng'ang'ania bidoni, madumu matupu ya plastiki. Mtumbwi ulionekana kesho yake, umepinduka. Wengine walionekana baadaye, na wakazikwa. Dada yangu hakuonekana.

Mama alishuka ziwani akakaa ufukweni siku nne. Mimi nilikuwa naye. Maji, mayi kwa kinywa cha mama, yalikuwa mazuri sana, nayachukia mpaka leo kwa uzuri ule. Siku ya tano akasimama, akakung'uta kikwembe alichojifunga, tukapanda Butembo, na Jumapili akageuza bugali, akaiweka mezani, akasema: “Kuya kula.”

Basi. Hakumtaja wa kwanza wala wa pili. Hesabu ilikufa yote. Nilielewa kwa nini. Angefika kwa tatu, halafu angefanya nini? Kumruka anifikie mimi ni kumzika. Kumwita ni kungoja jibu. Akaacha kuhesabu, na mwaka mzima tulikula bila kuhesabiwa, na mimi niliyechukia kuwa mkia wa foleni nilitamani mno kusikia namba yangu.

Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuja baada ya Pasaka. Ni mtu mwema, si mtu wa maneno mengi, na alikuwa amemlilia mtoto wetu kweli. Aliketi, akazungusha kofia mikononi.

“Shemeki, familia zingine za mutumbwi ule bote balisha fanya matanga. Padri iko tayari. Batu habajue ginsi ya kukusalimia. Hatumutupi mutoto. Tunamuombea.”

“Nimesikia.”

“Donc, basi?”

Mama akaitazama televizyo, iliyokuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nadhani alitaka tu neno la kumwondolea mgeni.

“Filme yetu hapana isha,” alisema. “Ile mashini inangoja. Mashini! Miye mama nishindwe na mashini?”

Baba mdogo alinitazama, nami nikatazama sakafu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Huwezi kubishana naye. Lakini neno lile alilolitoa kama mzaha lilikaa. Alianza kuniuliza kila nilipotoka sokoni kama CD inayofuata imeonekana. Aliuliza bila kunitazama. Wiki hadi wiki niliona kwamba amefunga jambo lake kwenye kile chombo: wa Nne akirudi, mama atangoja; asiporudi, labda atamwita padri. Mwanamke aliyelea watano, anayesimamia kikundi cha akina mama wa parokia, hakuwa mjinga. Alikuwa amekosa mahali pengine pa kuuliza.

Nilikuwa nimekwisha kuanza kufundisha shule ya msingi. Likizo kubwa nikaenda Beni kwa dada wa kwanza, anayekaa Mavivi, karibu na uwanja wa ndege. Siku ya pili tu, sokoni Beni, juu ya meza ya kijana anayeuza chaja na filme, niliuona ule mlango wa chuma. Jalada zima. CD ya kwanza na ya tatu, ya mwisho, zote mbili. Nikazinunua bila kubembeleza bei, jambo ambalo dada alinisema kwalo siku tatu.

Tulizitazama wawili, mlango umefungwa, mchana, ndege zikipita juu ya bati. Tulianza na ya kwanza. Sitasahau. Wanawake sita wanateremka kutoka magari sita, kila mmoja na mfuko wake, kila mmoja na watu wake wanaomlilia, na hawajuani. Wanasalimiana kwa mkono kama watu waliokutana benki. Kisha mtu mwenye sare anawapitishia kopo, kila mmoja anachota kibao, na kwenye kibao pana namba. Wa Nne alichota nne. Angeweza kuchota mbili.

“Kumbe si ndugu,” dada alisema.

Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba familia jirani, aliyokua nayo, haikuwahi kuwepo. Na mama yao tuliyemngoja muda wote ule hakuwepo popote.

CD ya tatu ilikuwa mbaya zaidi. Mashine inaendelea kungoja kwa miaka, mpaka nahodha ana mvi. Halafu wanapita mahali ambapo vyombo vinakutana, wanahitaji fundi, wanapewa msichana mmoja, mchangamfu, mwenye mwanya. Nahodha anamkabidhi kile kibao. Asubuhi wanasimama. Un, deux, trois. Quatre, inaita mashine. Présente, anajibu yule mwenye mwanya. Na mashine, mashine yangu, inasema cinq papo hapo. Haikungoja hata nusu pumzi. Niliikasirikia kama mtu.

“Usionyeshe mama ile kitu,” dada akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Yaya, dada yangu, miye sijue kumudanganya.”

“Weye? Ulitudanganya filme nzima na chumvi yako. Sema haikuonekana.”

Niliapa nitasema hivyo. Nikapanda Butembo na bidoni ya mawese, mapapai, na zile CD chini kabisa ya mfuko, ndani ya kitambaa. Nilisahau tu kwamba mama yangu hupekua mizigo kuliko watu wa forodha ya Kasindi. Nilikuwa bado nanawa uso alipotoka chumbani nazo mkononi.

“Ndo hii,” alisema. Hakuuliza.

Akaketi kwenye kiti chake, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Akanionyesha CD ya mwisho. Ile ya kwanza aliiweka kando. Mwanzo haukuwa shida yake. Nikawasha. Njia nzima nilikuwa nimejitungia uongo endapo mambo yangefika hapa: nitasema huyu mwenye mwanya ndiye yeye, wa Nne, amerudi, uso umebadilika kwa baridi ya huko nje. Nilikuwa nimewatilia chumvi vitu vingi. Hiki kingekuwa kimoja zaidi.

Tulitazama. Niliwatafsiri wengine vizuri sana siku ile, kwa uaminifu kuliko siku zote, kama mtu anayelipia dhambi mapema. Nahodha akazeeka. Maharagi yakazaa vizazi juu ya vizazi, na mama akakubali kwamba sasa yamepandwa sawa. Kila asubuhi mashine iliita na kungoja, na kila mara nilimwona mama akingoja nayo, kifua chake kikipanda na kushuka mara tatu. Kisha akaja yule msichana. Akapokea kibao. Wakasimama ukandani.

Nikafungua mdomo. “Mama, huyu ni…”

“Nyamaza. Nasikia.”

Jumapili zile zote alikuwa amejifunza namba. Un. Deux. Trois. Quatre. Présente. Cinq.

Mama aliinua mkono, nikasimamisha picha. Msichana yule akabaki kwenye kioo, mdomo wazi, mwanya wake unaonekana. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Nilikuwa tayari kwa kilio. Nilikuwa tayari kumshika.

“Donc baba yabo alioa mwanamuke mwingine,” alisema.

“Mama?”

“Huyu ni wa ine ya mama mwingine. Sawa vile kwetu, Lubero. Miye na dada yangu, jina moja, na hakuna mwenye alikamata ya mwenzake.” Akaegemea kiti. “Wa ine yetu angali na namba yake.”

Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia ukweli wote: kopo, vibao, magari sita, kwamba hawakuwa ndugu hata siku moja, kwamba ni namba za kazi tu. Nilisema haraka, nikilia, nikimwomba msamaha kwa chumvi yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nikaona ananihurumia.

“Batu bakae pamoja siku zote zile, baitane wa kwanza, wa pili, mwenye kupotea bamungoje, halafu si ndugu?” Akatikisa kichwa. “Benye kutengeneza hii filme habakujua kitu balitengeneza.”

Kisha akauliza kile nilichokuwa sikutarajia. Akauliza kama wa Nne, yule fundi, alionekana tena, hata mwili, hata kofia. Nikasema hapana, mama. Hakuonekana. Akatikisa kichwa tena, mara kadhaa, polepole, lakini safari hii ilikuwa kukubali. Nilimtazama na nilijawa na kicho, ndiyo neno lenyewe, kile nilichokisikia siku ya kamba kukatika na nyota kuonekana chini ya miguu. Mwanamke huyu nilimjua maisha yangu yote, na sikuwa nimejua ukubwa wake.

Akaenda jikoni. Nilisikia mwiko ukigeuza bugali. Nilisikia sahani. Sikuinuka; nilikuwa natazama yule msichana mwenye mwanya, aliyesimamishwa katikati ya neno. Kisha mama akasimama mlangoni.

“Utaenda kwa baba mudogo kesho,” alisema. “Mwambie amuone padri.”

“Ndiyo, mama.”

Hakurudi ndani. Alikuwa ameshika mwiko, na ameangalia juu ya kichwa changu, ukutani, kama wanavyoangalia wale wanawake ukandani.

“Wa kwanza iko Beni,” alisema.

Nikainuka.

“Wa pili iko Lubero. Wa tatu iko Kasindi.”

Akangoja. Nilihesabu: moja, mbili, tatu.

“Wa ine iko mu mayi,” alisema mama. “Wa tano, kuya, bugali inapoa.”